Kivuli cha Bombo hakifuati saa ya ukutani

Mhariri,

Mlichapisha barua ya msomaji wa Jinja aliyelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana hamu ya kujua kitu chochote, simu zimewamaliza, na kwamba ndiyo sababu somo la sayansi linawatoa jasho kwenye mtihani wa darasa la saba. Naomba nafasi nimjibu ndugu huyo. Mimi ni mshonaji hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala, Uganda. Nashona sare za shule na kuzikarabati, na ukitaka kujua watoto wanabeba nini kichwani, muulize anayewashonea mifuko.

Mifuko ya kaptura za shule haichaniki bure. Mama anakuja analalamika kwamba kitambaa ni kibovu, nami naigeuza kaptura mbele yake: vifuniko vya soda vilivyotobolewa katikati, betri iliyokufa, balbu ya tochi, kipande cha waya, mbegu za nyonyo, kiberiti chenye dundu ndani yake, mara nyingine dundu mwenyewe bado mzima. Siku moja nilikuta sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Mwenye kaptura alikuja kuidai sumaku yake kabla hata ya kuulizia kaptura. Nikamwambia atailipia kwa kuniokotea pini zilizomwagika chini ya cherehani. Alimaliza haraka kuliko nilivyotaka, halafu akahamia kwenye kopo langu la zipu. Baadhi zilinaswa, nyingine zikakataa kabisa ijapokuwa zote zinang'aa na zote ni za chuma machoni pa mtu. Akazitenga mafungu mawili, akakuna kwa ukucha zile zilizokataa, akaniambia: "Hizi si chuma, bibi. Hizi ni shaba." Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyempa maksi.

Kwa hiyo hamu ipo, ndugu wa Jinja. Tujiulize inapotelea wapi kati ya mfuko na karatasi ya mtihani.

Nitasema niliyoyaona kwa mjukuu wangu, maana hayo nayajua mwanzo hadi mwisho. Muhula wa pili, akiwa darasa la sita, alifundishwa vivuli. Alirudi nyumbani akaazima rula yangu ya mbao ya mita moja, ile ninayopimia vitambaa, akaisimamisha uani penye ardhi tambarare. Ili ajue imesimama wima alifunga bobini kwenye uzi akautundika pembeni mwa rula, timazi kama ya fundi mwashi. Kisha akaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya muda na kukipima kwa futi yangu. Ulikuwa mwezi wa Juni, na siku hiyo mawingu yalitusaidia kwa kukaa mbali.

Saa sita kamili mchana kivuli kilikuwa sentimita 48. Alitegemea baada ya hapo kianze kurefuka, maana ndivyo alivyonakili daftarini: kivuli huwa kifupi zaidi saa sita mchana. Kikaendelea kufupika. Saa saba kasoro dakika kumi kilifika 42, kikakaa hapo kidogo, ndipo kikaanza kurefuka. Saa saba na dakika arobaini kilikuwa kimerudi 48 vilevile. Mtoto akadhani saa ya simu yangu imeharibika. Akaenda kuulizia saa kwenye duka la jirani, akarudi, siku iliyofuata akapima tena. Jibu likawa lilelile.

Jaribio la katikati ya muhula lilipokuja, swali lilikuwepo: kivuli huwa kifupi zaidi saa ngapi? Yeye akaandika saa saba kasoro dakika kumi. Kalamu nyekundu ikapita juu ya jibu, na pembeni pakaandikwa saa sita mchana. Akasimama akasema, "Mwalimu, mimi nimepima." Akajibiwa kwamba mtihani wa taifa hautakuja nyumbani kwao kupima, na akae chini.

Simlaumu sana mwalimu yule, wala shule siitaji. Ana darasa lililofurika hadi watoto wanaandikia mapajani, na mwisho wa mwaka hakuna atakayemuuliza watoto walipima nini. Ataulizwa wangapi wamepata daraja la kwanza. Wanaouliza ni sisi wazazi. Tunataka agrigeti 4, yaani jumla ya alama iliyo bora kabisa, moja kwa kila karatasi: Kiingereza, hesabu, sayansi na somo la jamii. Mtoto akileta 4 tunachinja kuku. Akileta swali tunamwambia asitusumbue, tumechoka. Lakini pamoja na huruma yangu yote kwa mwalimu, mtoto alikuwa sahihi na kitabu kimekosea kwa hapa tulipo, na jambo hilo lingeweza kufahamika kwa rula na uzi.

Aliyetusaidia kuelewa ni dereva wa lori. Bombo iko kwenye barabara ya Gulu, na madereva wanaokwenda Juba husimama kunywa chai karibu na kibanda changu. Mmoja wao alimkuta mtoto na vijiwe vyake, akamsikiliza, akacheka, lakini si kwa dharau. Akamwambia: "Mimi nikivuka mpaka wa Elegu kuingia Nimule, saa inarudi nyuma saa nzima, na jua halijasogea hata kidogo." Kweli, Sudan Kusini walirudisha saa zao nyuma Februari 2021. Kabla ya hapo walikuwa na saa moja nasi. Mtoto akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linanifurahisha: "Basi Nimule kivuli kinakuwa kifupi kabla ya saa sita?"

Ndiyo, kabla kidogo. Alifungua atlasi ya somo la jamii akajionea. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45, unaopita Somalia si mbali na Mogadishu. Sisi Bombo tuko karibu nyuzi 32 na nusu. Jua huchukua dakika 4 kuvuka nyuzi moja. Toa, zidisha, unapata dakika 50. Hesabu hiyo anaiweza mtoto yeyote wa darasa la sita aliyelala akaamka salama. Jua linapofika kileleni Mogadishu, saa zetu za ukutani zinasema saa sita, na sisi huku bado tunalisubiri. Sudan Kusini sasa wanatumia saa ya nyuzi 30, sawa na Kigali, na Nimule iko mashariki kidogo ya mstari huo, ndiyo maana jua linawawahi.

Na hata dakika hizo 50 hazitulii. Dunia imeinama, tena hailizunguki jua kwa mwendo ulio sawa mwaka mzima, kwa hiyo Februari jua letu hufika kileleni saa saba ikiwa imeshapita, na mwanzoni mwa Novemba hufika kama saa sita na nusu na dakika chache. Mwanzoni mwa Novemba ndipo watoto wa darasa la saba hukaa kwenye mtihani. Yaani wakati mtoto ameinama anaandika saa sita ili apate maksi, jua lililo dirishani linamkatalia.

Desemba wakati wa likizo aliirudisha rula uani bila kuambiwa. Juni kivuli cha mchana kilikuwa kimelala kusini, upande wa Kampala. Desemba kikalala kaskazini, upande wa Gulu. Mtoto wa Uingereza hawezi kuliona jambo hilo kwao hata akisimama na rula maisha yake yote, maana kule kivuli cha mchana huelekea kaskazini daima. Sisi tunaliona kwa sababu tunaishi karibu na ikweta, mchana mmoja wa Juni na mmoja wa Desemba vinatosha, na sijakutana na mtoto mwingine aliyeonyeshwa shuleni.

Badala yake wanapelekwa kwenye ikweta kwa basi.

Msomaji yeyote aliyepita barabara ya Masaka anapajua Kayabwe, pale penye duara jeupe ambapo watu hupigia picha. Shule huwapeleka watoto huko, wazazi tunalipa, mimi nashona fulana za safari, kwa hiyo sina haki ya kulalamika kuhusu biashara. Watoto huonyeshwa maji yanayotoka kwenye karai lenye tundu, ua dogo likielea juu: hatua chache upande wa kaskazini linazunguka hivi, hatua chache kusini linazunguka vile, juu ya mstari linashuka moja kwa moja. Wanapiga makofi, wanaandika daftarini, wanapanda basi.

Sina ugomvi na vijana wanaoonyesha mchezo ule, ni riziki yao na wanaufanya kwa ustadi. Ugomvi wangu ni na walimu wanaourudisha darasani kama sayansi. Nguvu ya dunia kuzunguka ipo kweli, nayo ndiyo huzungusha vimbunga vikubwa kama vile vinavyoikumba Msumbiji kutoka baharini. Lakini kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo ni sifuri, na hatua chache kutoka hapo ni kama haipo, ndiyo maana vimbunga hivyo havizaliwi kwenye ikweta. Karai halina habari nayo. Kinachoamua maji yazunguke upande gani ni mkono wa aliyeyamimina.

Tulijaribu hapa nyumbani. Karai la zamani, tundu la msumari katikati, kitambaa cha kuziba, vipande vya majani juu ya maji. Ukimimina kwa kuzungusha mkono kulia, majani yanazunguka kulia. Ukimimina kushoto, yanakwenda kushoto. Tukayaacha maji yatulie tangu asubuhi mpaka jioni, tukavuta kitambaa polepole: yalitoka karibu bila kuzunguka, na yalipozunguka hayakuwa na upande maalumu. Ili kuiona nguvu ya dunia ndani ya chombo, inabidi ufanye kama alivyofanya mtaalamu Ascher Shapiro kule Marekani mwaka 1962. Alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha maji yatulie saa 24 nzima, na hapo ndipo yakazunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney walifanya vilevile wakaona yanazunguka upande wa pili. Hao walikuwa mbali na ikweta, na waliyatuliza maji kwanza. Mtoto aliyefika Kayabwe angestahili kuuliza swali moja tu: je, mjomba, ukiyaacha yatulie kwanza? Nijuavyo, akiuliza hivyo mbele ya wenzake ataambiwa anamkosea mgeni heshima.

Wapo watakaosema shule zetu hazina maabara. Hawakosei, lakini Uganda hii hii imeshatoa mfano mkubwa wa kazi iliyofanywa bila maabara. Marehemu mume wangu alifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na habari hii ilikuwa ikisimuliwa pale. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo, na huyo alimwona Jinja, mji wa ndugu yetu mlalamikaji. Wengine walikuwa wamewaona watoto kama hao kabla yake. Yeye akaanza kuuliza: wanatoka wapi, na ni wapi hawapo? Aliandikia hospitali za Afrika nyingi akiwatumia na picha, akawa anaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961 alichukua gari kuukuu na wenzake wawili, wakazunguka karibu kilomita 16,000 hadi kusini mwa bara hili, hospitali kwa hospitali, wakiuliza. Ramani ikaonyesha kwamba saratani ile iko penye joto na mvua nyingi, na haipo nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakitumia vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala, walikuta ndani yake kirusi, cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu. Barua, ramani na gari bovu. Habari ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeona aiskrimu yake iliyowekwa ikiwa moto ikiganda kabla ya ile ya baridi, mnaijua nyote, sitawachosha nayo. Hii ya Mulago watoto wetu hawaambiwi, na wanapita mbele ya geti lake kila wakienda Kampala kutibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likaniletea maneno. Mjukuu wangu aliposimama darasani kujitetea, alijitetea kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo sheria kuanzia madarasa ya juu. Uani kwangu alieleza habari ya nyuzi 45 kwa Kiswahili, akachanganya na Kinubi, mpaka dereva na mwuza chai wote wakaelewa. Darasani aliweza kusema nimepima, basi. Bado ziko shule ambako mtoto akisikika anazungumza lugha ya nyumbani huvishwa kibao au kipande cha gunia shingoni hadi amnase mwenzake. Mtoto wa namna hiyo atauliza swali gani? Atachagua maswali ambayo maneno yake anayo, nayo ni machache. Serikali ilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, nami nalishangilia hilo, ila nisingependa kije kuwa somo jingine la kukariri. Kingeanza na kazi ya kumwezesha mtoto aulize.

Kule sekondari mtaala ulibadilishwa mwaka 2020, na sasa watoto wanatakiwa kufanya miradi, kuchunguza, kueleza walivyofikia jibu. Vizuri sana. Lakini mnamchukua mtoto aliyefunzwa miaka saba kunyamaza, mnamfikisha kidato cha kwanza, kisha mnamwambia haya, chunguza. Wazazi wanaoniletea sare za sekondari wanasema miradi hiyo wanaifanya wao usiku, au wanamlipa mtu. Sishangai.

Naomba hivi. Walimu wakuu watoe kipindi kimoja kwa wiki, mchana mmoja tu baada ya chakula wakati ambao kila mtu anasinzia hata hivyo. Watoto walete maswali kwa lugha yoyote waliyo nayo. Darasa lichague moja linaloweza kupimwa kwa vitu vilivyopo, walipime, waandike walichokiona, na mwalimu aruhusiwe kusema sijui bila mtu kumcheka. Kipindi hicho kisitolewe maksi, maana tukishaweka maksi wazazi tutalipia masomo ya ziada ya kuuliza maswali. Na wanaotunga mtihani wa darasa la saba waweke walau swali moja linalompa mtoto vipimo vya kivuli halisi, saa kwa saa, aseme mwenyewe kilikuwa kifupi lini. Walimu watafundisha kinachoulizwa. Hilo sote tunalijua, tulitumie basi kwa faida.

Kwenu gazetini, naomba kona ndogo ya maswali ya watoto kila wiki, na msomaji mwenye kuelewa ajibu kwa namna ambayo mtoto anaweza kuhakiki mwenyewe. Ili msiseme hamna pa kuanzia, nawatumia matatu yaliyoulizwa kibandani kwangu. Kwa nini kumbikumbi wa kichuguu kimoja hutoka mchana na wa kichuguu cha jirani hutoka usiku? Kwa nini sare ya bluu hupauka mabegani kabla ya mgongoni? Na kwa nini uzi wa nailoni ukikaribia moto hujikunja ukawa kidonge, na wa pamba huwaka ukabaki majivu? Hilo la mwisho, mwalimu yeyote wa Bombo anaweza kuwaleta watoto wake kwangu siku ya Jumamosi. Vipande vya vitambaa ninavyo gunia zima na sitadai hela. Waje na ndoo ya maji.

Mshonaji wa sare,
Bombo, wilaya ya Luweero